Robo ya kilo iliyomvua Charles Oliveira mkanda

Katika vikundi vya vijana vya makanisa yetu kuna jina linalorudi kila mara simu zinapozunguka: Charles Oliveira, Mbrazili, mpiganaji wa uzito mwepesi katika UFC, ile kampuni ya Marekani inayopanga mapigano ya ngumi, mateke, mieleka na kukabana shingo ndani ya uzio wa nyaya. Vijana wanampenda kwa sababu mbili. Anashinda kwa namna isiyochosha macho, na kisha akipewa kipaza sauti anamshukuru Mungu bila aibu. Kwa hiyo video zake zimefika hata katika mahubiri. Tumesikia zaidi ya mara moja mhubiri akimtaja kama mfano wa mtu aliyeamini na Mungu akamwinua.

Kuna wazee watakaouliza kwa nini tovuti ya kanisa inaandika juu ya watu wanaopigana kwa feza, wakati huku kwetu mashariki watu wanakimbia risasi za kweli. Swali ni la haki. Tunaandika kwa sababu vijana wanaangalia, na wanachokiona ni dakika tano za mwisho tu za safari ya miaka mingi. Tukinyamaza, tafsiri ya safari hiyo itafanywa na wengine.

Oliveira alizaliwa Oktoba 1989 huko Guarujá, katika jimbo la São Paulo. Guarujá ina pande mbili: upande mmoja fukwe za watalii, upande mwingine Vicente de Carvalho, mtaa wa watu maskini unaotazamana na bandari ya Santos. Yeye ni wa upande wa pili. Akiwa na miaka saba hivi aliugua. Madaktari walimkuta na tatizo la moyo pamoja na ugonjwa wa viungo, wakawaambia wazazi kwamba michezo si ya mtoto huyu. Alianza jujitsu akiwa na miaka 12. Mwaka wa 2010, kabla hajatimiza miaka 21, aliingia UFC na kummaliza mpinzani wake wa kwanza, Darren Elkins, kwa sekunde 41.

Hapo ndipo video nyingi zinaruka. Kutoka sekunde 41 za mwaka wa 2010 wanafika moja kwa moja kwenye mkanda wa dhahabu wa 2021. Katikati kuna miaka kumi na zaidi.

Hebu tuhesabu. Hadi mwisho wa 2017 Oliveira alikuwa amepigana mara 19 katika UFC. Alishinda 10, akapoteza 8, na pigano moja likafutwa matokeo yake. Watu waliokuwa wakifuata mchezo huu walisema ana kipawa lakini moyo wake unavunjika mapema, na kwamba akibanwa kidogo anatafuta mlango. Tena, kwa miaka kadhaa alilazimisha mwili wake kushuka uzito wa chini zaidi, ule wa pauni 145, yaani kilo 65.8, na mara nne mizani ilimkataa. Mara ya mwisho, huko Mexico mwaka wa 2016, alizidi kwa karibu kilo 4. Kampuni ikamrudisha uzito mwepesi, kilo 70.3. Alikuwa tayari ni mtu ambaye jina lake linatumika kujaza ratiba.

Kuanzia Juni 2018 hakupoteza tena kwa miaka minne. Septemba ya mwaka huo alivunja rekodi ya Royce Gracie ya kuwalazimisha wapinzani kukubali kushindwa. Machi 2020 alipigana Brasília katika ukumbi mtupu, kwa sababu ya Covid. Tarehe 15 Mei 2021, huko Houston, alipigwa vibaya na Michael Chandler raundi ya kwanza, watu wakadhani imekwisha. Raundi ya pili ikaanza na ndani ya sekunde 19 Chandler akawa chini. Hilo lilikuwa pigano lake la 28 katika kampuni hiyo. Hakuna mtu kabla yake aliyengoja mapigano mengi hivyo ndipo apate mkanda.

Sasa tufike Phoenix, Arizona, Mei 2022, kwa maana tunaona hapo ndipo kazi yake inasema jambo ambalo mahubiri hayasemi.

Pigano lilikuwa Jumamosi tarehe 7, dhidi ya Justin Gaethje. Siku moja kabla, kama kawaida, wapiganaji wanapimwa uzito. Katika pigano la kawaida mtu anaruhusiwa kuzidi pauni moja. Katika pigano la mkanda haruhusiwi kitu. Oliveira alipanda mizani: pauni 155 na nusu. Nusu ya pauni ni gramu 227. Glasi moja ya maji ina uzito unaozidi huo. Alipewa saa moja ajaribu tena, akarudi, namba ikawa ileile. Akapoteza mkanda kwa sababu ya mizani, bila kupigwa hata ngumi moja.

Kilichofuata ni kigeni kidogo kwa mtu asiyezoea sheria hizi. Pigano liliendelea, lakini mkanda ukawa hauna mwenyewe. Gaethje akishinda, anauchukua. Oliveira akishinda, haupati. Alishinda, tena katika raundi ya kwanza, kwa kumkaba shingo. Akatoka ukumbini akiwa mshindi asiye na mkanda.

Siku zile wapiganaji kadhaa walilalamika juu ya mizani ya mazoezi iliyowekwa hotelini. Walisema usiku ilisoma hivi, asubuhi ikasoma vingine. Tume ya jimbo ilishikilia kwamba mizani rasmi ilikuwa sawa, na baadaye kampuni ikasema ile ya mazoezi itawekewa mlinzi. Sisi hatuna sababu ya kumtuhumu mtu. Tunaona tu kwamba mlinzi aliwekwa baada ya mkanda kuondoka. Wachimbaji wa dhahabu wa kwetu wanaoijua mizani ya mnunuzi, na akina mama wanaopima maharagwe kwa guigoz iliyobonyezwa chini, hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mithali na manabii wanarudi mara nyingi kwenye neno la mizani, kwa sababu mara nyingi mtu hanyang'anywi kwa upanga, ananyang'anywa kwa kipimo.

Na kipimo hiki kina gharama nyingine. Mpiganaji wa kilo 70 mara nyingi hana kilo 70. Siku za kawaida ana kilo nyingi zaidi, na wiki ya mwisho anazitoa kwa kutokunywa maji, kukaa katika chumba cha mvuke, kulala katika beseni la maji ya moto, kutema mate ndani ya chupa. Akishapimwa anakunywa na kula ili kesho yake awe mzito tena. Septemba 2013 mpiganaji mmoja wa Brazil alikufa huko Rio de Janeiro siku ileile ya kupimwa. Desemba 2015 mwingine, Mchina wa miaka 21, alikufa Manila katika hali hiyohiyo. Kampuni ya huko Asia ikabadili sheria zake na kuanza kupima kama mwili una maji ya kutosha. Ngumi zinaonekana katika video. Kiu haionekani.

Turudi kwa ule ushuhuda. Oliveira anamshukuru Mungu anaposhinda, na hatuna neno baya juu ya hilo. Tatizo ni sisi tunaochukua shukrani yake na kuigeuza kanuni: aliamini, akashinda, nawe amini, utashinda. Kanuni hiyo haiwezi kuvumilia hata mwaka mmoja wa maisha yake. Kama mkanda wa Houston ulitoka kwa Mungu, ni nani aliyezidisha gramu 227 huko Phoenix? Na Oktoba 2022, Abu Dhabi, alipokabwa na Islam Makhachev raundi ya pili, tuseme nini? Makhachev ni Mwislamu wa Dagestan, naye anamshukuru Mungu. Mhubiri anayetumia video ya ushindi ni lazima awe tayari kuionyesha na video ya Abu Dhabi, siku ya Yenga ileile, katika kanisa lilelile. Kama hawezi, basi aiache.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji na wapiga ngumi, lakini alichokitazama kwao ni mazoezi na kujizuia. Hakusema kwamba taji ni dalili ya kupendwa na Mungu. Yeye mwenyewe aliandika akiwa mtu wa vipigo vingi kuliko mataji. Kwa maoni yetu, kama kuna sehemu ya maisha ya Oliveira inayofaa kuletwa mimbarani ni ile ya 2010 hadi 2017, alipokuwa akipoteza pigano moja karibu kila mawili na bado akirudi mazoezini. Lakini sehemu hiyo haipendwi katika simu.

Jambo la feza nalo vijana wanapaswa kulijua. Wapiganaji wa UFC hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Ni watu wa mkataba. Hawana chama cha wafanyakazi kinachowasemea, hawana pensheni. Desemba 2014 baadhi yao walifungua kesi huko Marekani wakisema kampuni inabana soko ili iwalipe kidogo. Hati zilizotolewa mahakamani zilionyesha kwamba wapiganaji walikuwa wakipata karibu sehemu moja ya tano ya mapato, au hata chini ya hapo, wakati wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA wanapata karibu nusu. Kesi ilichukua miaka kumi. Mwaka wa 2024 hakimu wa Las Vegas alikataa mapatano ya kwanza ya dolari milioni 335, na Februari 2025 akakubali milioni 375 kwa waliopigana kati ya Desemba 2010 na Juni 2017. Hao ni zaidi ya watu 1,000, na miaka hiyo ndiyo miaka migumu ya Oliveira. Agosti 2025 kampuni inayomiliki UFC ilitangaza mkataba wa kuonyesha mapigano wa dolari bilioni 7.7 kwa miaka saba. Weka namba hizo mbili pamoja, utaelewa feza inalala wapi.

Mwafrika aliyeligusa jambo hili waziwazi ni Francis Ngannou wa Cameroon, wa uzito wa juu, aliyechimba mchanga utotoni na kuvuka jangwa hadi Ulaya. Januari 2023 aliondoka UFC akiwa bado bingwa. Kati ya mambo aliyoyaomba ni bima ya afya kwa wapiganaji na mtu wa kuwasemea mezani, na hakuyapata. Wakongo wenye umri wanakumbuka Oktoba 1974, Kinshasa, Ali na Foreman: kila mmoja aliahidiwa dolari milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya feza hiyo ili dunia iitazame Zaire. Bondia alijua bei yake kabla ya kupanda ulingoni. Mwananchi aliyelipa hakuulizwa.

Hatusemi vijana waache mchezo. Katika miji yetu kuna klabu za judo, karate na ngumi ambazo zimewatoa watoto barabarani, na baadhi ya makocha hawa wanafanya kazi ambayo makanisa yangepaswa kuionea haya kutoifanya. Oliveira mwenyewe anasaidia watoto wa mtaa wake wa Guarujá wafanye mazoezi. Tunasema kijana anayeletewa karatasi ya mkataba, awe mpiganaji, mchezaji wa mpira au mwimbaji, aje nayo kanisani kabla ya kutia sahihi. Katika karibu kila parokia kuna mwalimu, mwanasheria au mhasibu anayeweza kuisoma. Aulize nani atalipa daktari akivunjika, mkataba unaisha lini, na nani anaweza kuuvunja. Wale wanaoweka feza ya shule katika michezo ya kubahatisha kwa sababu wanajua nani atashinda, wakumbuke kwamba kabla ya saa 24 hata bingwa mwenyewe hakujua kama angebaki bingwa.

Kwa habari za karibu: Juni 2025, Las Vegas, Oliveira alipata nafasi nyingine ya mkanda na akaangushwa na Ilia Topuria raundi ya kwanza, akabaki amelala. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 11 Oktoba, alipigana nyumbani Brazil, Rio de Janeiro, na kumkaba Mateusz Gamrot wa Poland katika raundi ya pili. Mkanda haukuwa mezani siku hiyo. Zilikuwa zimebaki siku sita atimize miaka 36.