Kelele za Ndege ni Somo, Lakini Somo Nalo Lisikike

Mwalimu wa Kibera ana desturi moja asiyofundishwa chuoni. Ndege ya Uwanja wa Wilson ikipita juu ya mabati, hunyamaza, hungoja, kisha huirudia sentensi yake. Mwanafunzi akiuliza kelele hiyo yatoka wapi, aghalabu huambiwa ni injini, na mjadala hukomea hapo.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Hata injini zikipunguzwa nguvu wakati wa kutua, ndege bado huvuma. Hewa inayoambaa bawa huvurugika ikawa mizunguko midogo midogo. Mizunguko hiyo ifikapo ukingo wa nyuma, kani yake hubadilika ghafla, na badiliko hilo hutufikia kama sauti. Rafadha nayo ni bawa linalozunguka. Mwaka 1970, wataalamu Ffowcs Williams na Hall walionyesha kwamba kasi ikiongezeka mara 2, nguvu ya sauti ya ukingoni huweza kuongezeka mara 32 hivi.

Je, somo hili halielezeki ila kwa Kiingereza? Hasha! Mwanafunzi na atamke s. Pumzi hupenya mwanya mwembamba baina ya ulimi na ufizi, ikagonga ncha za meno, ikavurugika. Upepo unaopiga mbinja kwenye ukingo wa bati kule Kawangware ni wa ukoo huo huo. Hata bundi, tunayemwita ndege wa nuksi, ana mengi ya kutufunza: manyoya ya ukingoni mwa mabawa yake yana matamvua yanayoituliza hewa, naye huruka kimya. Wahandisi wamemwiga kwa kutia meno kwenye kingo za mapanga ya mitambo ya upepo.

Mgala muue na haki umpe: kelele yatufaa kama somo. Hata hivyo, kuieleza si kuivumilia. Konsonanti kama f ni dhaifu mno, nazo humezwa mapema. Mwalimu akisema "fika", mtoto wa dawati la nyuma husikia "ika". Ni pika, shika au zika, hajui. Basi wanaopanga njia za ndege wazikumbuke saa za masomo, na wajengao madarasa watie dari chini ya mabati. Asiyesikia neno, atalielewaje somo?