Nyota za bure kwenye hesabu ya kugawanya

Wiki iliyopita nilikaa kando ya mpwa wangu wa gredi ya nne akifanya mazoezi ya kugawanya kwenye simu ya mamake. Programu yenyewe sitaitaja, zinafanana zote. Ikamuuliza 816 gawanya kwa 8. Akaandika 12. Mlio wa huzuni, "Umekosa, jaribu tena!" Akaandika 13. Mlio. Akaandika 21. Mlio. Mwishowe programu ikamwonyesha 102, ikamtunuku nyota kwa kujaribu, kisha ikarukia swali lingine. Mtoto akafurahia nyota yake. Mimi nikakasirika.

Nikamwambia alete daftari anionyeshe alivyofanya. Dakika moja tu nikaona. 8 ndani ya 8 ni 1, sawa. Akateremsha ile 1, akaona haitoshi, basi hakuandika kitu juu, akateremsha na 6. 8 ndani ya 16 ni 2. Jibu 12. "Lakini anko, si 8 haiingii kwa 1?" Haiingii, ndiyo, na ndiyo maana unaandika sufuri! Nikampa 4,212 gawanya kwa 4. Akapata 153 badala ya 1,053. Kosa lile lile.

Sasa nawauliza waandishi wenzangu wa programu. Msimbo wako ukikataa kufanya kazi, na mashine ikwambie tu "umekosa, jaribu tena", si utaitupa dirishani? Sisi tunadai kuonyeshwa mstari wenye hitilafu. Mtoto wa miaka tisa tunamwachia abahatishe.

Wala si jambo geni. Mwaka 1978 huko Marekani, John Seely Brown na Richard Burton waliandika kuhusu programu yao iliyoitwa BUGGY. Walichunguza hesabu za kutoa, wakaonyesha kwamba makosa mengi ya watoto hayatokei ovyo. Mtoto anafuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Yaani ni hitilafu kama zetu! Basi andika kanuni ya kugawanya inayoruka sufuri, ipitishe kwenye swali, na ikitoa jibu sawa na la mtoto, umeshajua pa kumsaidia. Ni mistari michache tu.

Kwa nini hatufanyi hivyo? Uvivu. Kupata jibu la mwisho ni alama moja ya mkwaju, kompyuta inamaliza. Kufuata hatua (gawanya, zidisha, toa, teremsha, rudia) kunataka visanduku vya kila tarakimu na kukagua kila kimoja. Hata maswali tunayachagua kivivu, nambari zozote zile za kubahatisha. Anza na jibu, bwana! Chagua 305, zidisha kwa 7, ongeza baki isiyofika 7, na hapo una swali lenye sufuri katikati kwa makusudi.

Najua kuna atakayesema simu ina kikokotoo, mtoto ateseke kwa nini. Haya. Gawia watu 8 shilingi 816 halafu kila mmoja umpe 12, uone kama watanyamaza. Mtu aliyezoea kugawanya kwa mkono anashtuka kabla hajabonyeza chochote, kwa sababu 8 mara 100 tayari ni 800.

Na tulivyobishana juu ya vifaa nchini humu! Vipakatalishi viliahidiwa kwenye kampeni za 2013, tabuleti zikaanza kufika shule za msingi 2016, na kelele zote zilikuwa za bei na wizi na stima. Sikumsikia mtu akiuliza kifaa kitamwambia nini mtoto akiandika 12.

Nimeanza kuandika programu yangu. Ukurasa mmoja, hauna nyota wala mlio, na unafanya kazi bila intaneti. Kwa sasa inatambua sufuri iliyorukwa na baki iliyozidi kigawanyo. Mwalimu au mzazi mwenye daftari lililojaa alama za X, nitumie hayo makosa. Majibu sahihi ninayo.