Umeme wa bei nafuu ni wa mita, siyo wa maskini

Nimepotea kidogo hapa kijiweni, mniwie radhi, maisha yalinibana. Leo sileti habari za vyama wala nani kahama wapi. Naleta risiti za LUKU. Najua kuna atakayesema "aah, mambo ya bili tena", lakini vumilia ufike mwisho, maana naamini wengi wenu mnaosoma hapa mmepanga chumba kwenye nyumba ya mita moja kama sisi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilihamia kwa bibi yangu hapa Tanga. Bibi amepanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, uwani choo na jiko la wote. Anauza karanga mlangoni jioni. Na alikuwa kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Mwanzoni mwa 2024 alipokea shilingi 24,000 ambazo ni za miezi miwili. Mimi nikajua tutanunua unga, sukari na daftari za wadogo zangu. Bibi akachukua 14,000 akaziweka pembeni. Nikamuuliza za nini? Akanijibu, "Za umeme hizo mume wangu, huu mwezi na ule uliopita. Nadaiwa."

Wadau, elfu kumi na nne katika elfu ishirini na nne. Zaidi ya nusu ya hela ya kunusuru kaya imeliwa na taa! Na chumbani kwetu kulikuwa na nini? Taa mbili, redio na chaji za simu mbili. Friji hatuna, tivii hatuna, pasi tunaazima ya mkaa.

Hapo ndipo nikaanza kukusanya risiti. Kila chumba kilikuwa kinatoa 7,000 kwa mwezi bila kuangalia nani ana nini. Vyumba sita ni 42,000. Kwenye hiyo, 1,500 inakatwa kwanza kama kodi ya jengo. Mnakumbuka kodi hii ilihamishiwa kwenye LUKU Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, halafu mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini mita haimjui mwenye jengo, inamjua aliyetuma hela. Zinabaki 40,500. Tukapata uniti 113 na ushee.

Sasa fanya mahesabu na mimi. 40,500 gawa kwa 113 unapata kama shilingi 356 kwa uniti moja. Hiyo ndiyo bei ya kundi la T1: 292, ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Lakini kuna kundi lingine linaitwa D1. Hili limewekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo wa nyumbani, ambaye kwa wastani hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, huyu analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiweka makato yaleyale inakuwa 122. Akizidisha 75, zile za juu zinahesabiwa 350 kabla ya makato, na akiendelea hivyo anahamishiwa T1.

Kwa hiyo umeme ni uleule, nguzo ni ileile, ila mmoja ananunua 122 na mwingine 356. Karibu mara tatu.

Sasa jiulize, nani maskini kati ya hawa wawili? Wa kwanza ni jamaa mwenye kazi yake nzuri, kajenga, anaishi peke yake na mita yake. Asubuhi anaondoka, usiku anarudi, ana friji ndogo na tivii. Uniti 75 zinamtosha kabisa, anaweza kuwa D1. Wa pili ni bibi yangu, anayekula ruzuku ya serikali na kutumia taa mbili, ila kwa sababu mita ni moja na familia ni sita, jumla yao ni uniti 113. Mita ikiwaangalia inaona "mtu mmoja" anayetumia umeme mwingi. Wote sita wanatupwa T1.

Ukigawa hizo uniti 113 kwa sita, kila kaya inatumia 19 hivi. Kumi na tisa tu! Wakati kikomo cha unafuu ni 75. Kila chumba kingekuwa na mita yake, uniti 19 kwa 122 ni kama shilingi 2,300. Sisi tulikuwa tunatoa 7,000.

Hoja yangu ya leo ni hiyo tu, nairudia ili isipotee: unafuu umefungwa kwenye mita, haukufungwa kwa mtu. Na mtu maskini wa mjini hana mita. Ana theluthi ya mita, ana sudusi ya mita. Aliyepanga bei hii sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Ila alifikiria nyumba moja, familia moja, mita moja. Huko mtaani kwetu hiyo ni ndoto.

Utaniambia, si avute mita yake? Haya twende. Mwaka 2021 kuunganishiwa umeme kulishushwa kukawa 27,000 hata mjini, watu wakajazana kuomba. Januari 2022 mjini ikarudi palepale: mita ya njia moja, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960. Vijijini ndiyo ikabaki 27,000. Bibi anayepokea 24,000 kwa miezi miwili angehitaji ruzuku ya zaidi ya miaka miwili bila kula ili apate mita. Na chumba chenyewe siyo chake, kesho akiambiwa ahame mita inabaki ukutani.

Jirani zetu Kenya nao wana mtego wa aina hiyohiyo. Kule ngazi ya bei ya chini ilishushwa Aprili 2023 kutoka uniti 100 mpaka 30 kwa mwezi, na nayo inahesabiwa kwa mita. Ploti yenye vyumba kumi na mita moja, uniti 30 zinaisha kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo wadau wa Nairobi na Mombasa mnanielewa.

Kuna kitu kingine kinachoniuma zaidi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 mpaka 2034. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri, sina ubishi, mimi mwenyewe nimekula moshi wa kutosha uwani. Tunaambiwa tupike kwa umeme, majiko ya presha yapo. Sawa. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kupumzika linakula uniti moja. Yale ya presha yanajizima yenyewe joto likitosha, kwa hiyo linakula pungufu ya hapo. Tufanye ni uniti nzima: kwa D1 ni 122, kwa T1 ni 356. Bibi akipika maharage kwa mkaa wa kupimiwa ni jero, 500, na wakati mwingine hautoshi. Yaani hata kwa bei ya juu umeme unaushinda mkaa wa kupima!

Sasa kwanini hatupikii umeme? Kwa sababu kwenye nyumba ya mita moja, sheria ya kwanza unayopewa siku ya kuhamia ni hii: marufuku pasi, marufuku hita, marufuku jiko la umeme. Ukionekana na jiko, korido nzima inakununia, maana wote mnalipa sawa. Na hawakosei. Kila uniti utakayoongeza inailipia kaya nyingine. Kwa hiyo mkakati wa miaka kumi umekwama kwenye waya wa jirani yangu mlango wa tatu.

Haya, sisi tulifanya nini? Sitaki kulalamika tu niondoke. Tulichofanya ni kitu kidogo. Nilikaa na wapangaji wenzetu jioni moja nikawaonyesha risiti. Mama mmoja mwenye friji alikasirika, akadhani namsema yeye. Nikamwambia mama, shikamoo yako naiheshimu, lakini hesabu haina adabu. Tulibishana wiki mbili. Mwisho tukachangishana, tukanunua mita ndogo za ndani, moja kwa kila chumba, akaja fundi kuzifunga. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti kwamba hatoi hata senti. Mwisho wa mwezi tunasoma namba, kila mmoja analipa alichotumia, na ile kodi ya jengo tunaigawa sita, 250 kila chumba.

Mwezi wa kwanza chumba chetu kilisoma uniti nne. NNE! Kwa 356 ni kama 1,425, ukiongeza 250 tukalipa 1,675. Kutoka 7,000. Bibi hakuamini, alidhani mita imeharibika. Akaniambia niende nikaisome tena na tochi.

Tofauti ni 5,325 kwa mwezi. Bibi akasema hii hela isirudi kwenye sukari, itapotea bila kuonekana. Akaiweka kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa, 5,000 kila mwezi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona bibi ana akiba. Pale mdogo wangu alipougua malaria, hatukwenda kukopa dukani, zilitoka kwenye kikoba.

Na mama wa friji? Yeye alianza kulipa zaidi, ni kweli. Lakini naye amejifunza, haachi mlango wazi, na barafu anauza kwa bei inayolipa umeme wake. Zamani hakujua kama biashara yake inampa faida au sisi ndiyo tuliokuwa tunaifadhili.

Ila tusidanganyane. Mita ndogo imetenda haki kati yetu wenyewe, haijatupa unafuu wa taifa. Bado tunanunua kwa 356. Zile uniti nne za bibi kwa D1 zingekuwa shilingi 488. Anayezidi kulipa ni yuleyule ambaye serikali hiyohiyo imemwandika kwenye daftari la maskini. Mkono mmoja unampa ruzuku, mkono mwingine unamuuzia umeme kwa bei ya mwenye kiyoyozi.

Mimi siyo mchumi, ni kijana wa kidato cha nne, lakini naona njia mbili. Ya kwanza, kikomo kihesabiwe kwa kaya. Nyumba ya mita moja yenye kaya sita ipewe uniti 75 mara sita. Mtaniambia watu watadanganya idadi. Inawezekana. Lakini mtaani kuna mwenyekiti na mjumbe wanaotujua kwa majina, na kaya za TASAF zilipitishwa kwenye mkutano wa hadhara mbele ya majirani. Ukiweza kumjua maskini siku ya kumpa ruzuku, utashindwaje kumjua siku ya kumuuzia umeme? Ya pili, kama mita ni lazima, basi walio kwenye mpango wavutiwe kwa 27,000 kama vijijini, hata kama wamepanga, na akihama aliyepo kwenye mpango arithi.

Kuna watakaosema shirika la umeme litapata hasara. Hoja ya kweli, umeme haushuki kutoka mbinguni, mitambo na nguzo zina gharama. Lakini kumbukeni, ule unafuu tayari upo na tayari unalipiwa. Sidai uongezwe kwa kila mtu. Nadai umfikie aliyekusudiwa, kabla haujamfikia jamaa wa friji ndogo na chumba cha peke yake.

Kabla sijaondoka, fanya zoezi hili leo. Chukua risiti yako ya mwisho ya LUKU, toa kodi ya jengo kama imekatwa, kisha angalia hela iliyobaki imekupa uniti ngapi. Kama 5,000 imekupa uniti 14, uko T1. Kama imekupa 41 hivi, uko D1, kaa vizuri na usizidishe 75. Na kama uko nyumba ya mita moja, hesabu mko kaya ngapi, halafu gawa. Ukipata chini ya 75 kwa kaya, ujue nawe unalipa bei isiyo yako.

Andika hapo chini: mtaa gani, kaya ngapi, uniti ngapi. Tukusanye tuone. Wanaopinga pia karibuni, ila njooni na risiti.

Naomba kuwasilisha.