Picha ni Amana



Wiki iliyopita, baada ya darsa la akina mama, mzazi mmoja alitungoja mlangoni, simu mkononi na machozi machoni. Binti yake alikuwa amepigwa picha katika sherehe ya kupamba, ukumbini walimokuwa wanawake watupu, bila ya buibui wala mtandio. Kabla ya alfajiri picha hiyo ilikwishafika katika simu za wanaume wasiomjua. Aliyeipiga ni jamaa yao, wala hakukusudia ubaya. Alimtumia mtu mmoja tu. Mama yule alituuliza: "Sheikh, picha hii ni ya nani?"

Swali hilo limetukumbusha habari za Seydou Keïta, Mwislamu wa mji wa Bamako, nchini Mali. Alizaliwa karibu na mwaka 1921 katika jamaa ya maseremala, naye akafunzwa useremala. Mwaka 1935 ami yake alirejea kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Tangu siku hiyo moyo wake ukahamia huko. Kusafisha picha alifunzwa na Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpigapicha, na mwaka 1948 akafungua studio yake katika mtaa wa Bamako-Coura.

Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, yenye tamvua. Alipiga uani kwa mwanga wa jua, kwa kamera kubwa ya kusimamishwa. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa desturi kila mteja alipigwa mara moja tu. Basi kazi yote ilikuwa kabla ya kupiga: bega ligeuzwe kidogo, mkono utulie pajani, maua ya nguo yaonekane. Asiyekuwa na saa au kalamu aliazimwa. Hakuridhika mpaka aliyeketi mbele yake awe katika sura yake bora. Hiyo, ndugu zetu, ndiyo ihsani katika kazi.

Lakini fani haikai mahali pamoja. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na miaka miwili baadaye serikali ikamtaka awe mpigapicha wake, studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977. Zama za picha za rangi zilipofika, yeye hakuzifuata. Akashughulika na ufundi wa mitambo. Hata hivyo negativu zake, maelfu kwa maelfu, hakuzitupa. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila ya jina lake, kwa kuwa mwenyewe hakujulikana. Wajuzi walimtafuta hadi Bamako, na mwaka 1994 picha zake zikatundikwa Paris, zimekuzwa mno. Mzee yule alifurahi kuiona kazi ya ujana wake. Alifariki mwaka 2001.

Hapa ndipo sisi tunaposita. Picha zile zilipigwa ndogo, kiasi cha kukaa kiganjani, ziwekwe nyumbani au zipelekwe kwa jamaa wa mbali. Leo wageni husimama mbele ya nyuso za akina mama ambao hata majina yao hayajulikani. Hatumlaumu mzee. Twasema tu kwamba, ikiwa picha zilizopigwa kwa uangalifu ule, moja kwa kila mtu, zimefika ambako wenye nyuso hawakupadhania, je, zitafika wapi hizi zetu tunazozipiga kwa mamia kwa usiku mmoja?

Tunajua kwamba wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliiruhusu ya kamera kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli tu. Wengine wameikataza ila kwa dharura. Lakini hatumjui mwanachuoni aliyehalalisha kuifichua sitara ya mtu bila ya idhini yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat an-Nisaa tuzirudishe amana kwa wenyewe, nasi twaona uso wa mtu uliomo ndani ya simu yako ni katika amana hizo.

Kwa hiyo tulimjibu yule mama: picha ni ya mwenye uso, aliyeipiga ni mwekwa amana. Na kwenu, wazazi, tunausia mambo matatu. Siku ya kupamba simu zikusanywe mlangoni, na mpigapicha awe mwanamke mmoja mliyeahidiana naye. Watoto wafunzwe kuomba ruhusa kabla ya kupiga, na tena kabla ya kutuma. Na anayeletewa picha ya sitara ya mtu aifute papo hapo, asiulize ni nani.

Jamaa aliyeipiga picha ile tulimwita. Alilia, kisha akazunguka kwa watu mmoja mmoja kuomba ifutwe. Wengi wamefuta. Wengine hadi leo hawajajibu. Ikiwa miongoni mwao yumo msomaji wa safu hii, au mwanawe, au mumewe, basi twamwomba kwa jina la Mwenyezi Mungu airudishe amana ya watu leo, kabla ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.