Rangi ya gari la zamani isitafutwe kwa kubahatisha

KATIKA kata ya Rungwe Mpya wilayani Kasulu, kama ilivyo katika maeneo mengi ya nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, gari halinunuliwi kwa ajili ya matembezi. Gari ni chombo cha kufikisha maharage, mahindi na muhogo sokoni, na kwa familia nyingi ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya shamba na nyumba.

Ndiyo maana magari yaliyokwisha kusahaulika katika miji mikubwa bado yana kazi huko. Land Rover 109 na pickup za Toyota za miaka ya 1980 zinaendelea kupanda na kushuka milima ya Kasulu na Kibondo kwa sababu mafundi wanazifahamu na wenye nazo hawana uwezo wa kununua mpya.

Mkulima mwenye gari la namna hiyo hukagua oili, hubadilisha matairi na huchomelea chasisi inapopata ufa. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo mara nyingi hufanywa kwa kukisia, nalo humgharimu siku ya kuuza. Jambo hilo ni rangi.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Mlango umekwaruzwa au ubavu umebonyea. Fundi ananyoosha bati, anapaka puti, kisha anatumwa mtoto dukani na kuambiwa alete kopo la rangi ya kijani. Muuzaji anatoa kijani alichonacho. Jioni gari linarudi nyumbani likiwa na vijani viwili, na mwenye gari anajifariji kwamba vumbi litaficha.

Vumbi halifichi kitu. Mnunuzi akiona mlango una rangi moja na boneti ina nyingine, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba gari hilo liligongwa au lilipinduka. Hata kama ukweli ni mkwaruzo wa nguzo ya lango, bei inaanza kushuka hapo hapo, na muuzaji hana namna ya kujitetea.

Kosa la msingi ni kudhani kwamba kijani ni kijani na nyeupe ni nyeupe. Kiwandani, kila rangi ina jina lake, namba yake na vipimo vyake vya kuchanganyia. Ujerumani ilianza orodha yake ya rangi iitwayo RAL mwaka 1927, ikiwa na rangi 40 tu. Uingereza nayo ilitoa orodha ya viwango iitwayo BS 381C mwaka 1930. Kijani kizito kilichopakwa kwenye Land Rover za jeshi la Uingereza kina namba 224 katika orodha hiyo. Fundi anayetaja namba hiyo kwenye duka linalochanganya rangi hana haja ya kueleza kwa mikono kijani anachokitaka.

Land Rover yenyewe ni mfano mzuri. Ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilikuwa na bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Miaka iliyofuata ziliongezwa rangi nyingine, zikiwamo bluu, kijivu na rangi ya mchanga. Paa na ringi za nyingi kati yake zilipakwa rangi iitwayo Limestone, ambayo wengi huiita nyeupe. Lakini Limestone si nyeupe. Ni rangi ya maziwa iliyochanganyika na kijivu, na anayepaka paa hilo rangi nyeupe ya dukani huliharibu mwonekano wake.

Kwa upande wa Toyota kazi ni nyepesi zaidi, maana gari lenyewe linajieleza. Kwenye kibati cha namba, ambacho huwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kuna sehemu iliyoandikwa C/TR. Tarakimu za mwanzo katika sehemu hiyo ndizo namba ya rangi. Namba 040, kwa mfano, ni nyeupe iliyotumika kwenye magari mengi ya kampuni hiyo. Jambo hili ni muhimu Kasulu na Kibondo, ambako tangu shughuli za kuhudumia wakimbizi zilipoanza katika miaka ya 1990 yamepita magari meupe mengi. Nyeupe ndiyo rangi inayowadanganya mafundi kuliko zote, kwani zipo nyeupe za kuelekea njano, bluu na kijivu.

Hata hivyo, namba peke yake haimalizi kazi. Gari lililokaa juani miaka 30 si rangi ile tena. Jua hupausha rangi, hasa nyekundu, na hufanya uso wa rangi ugeuke unga kama chaki. Rangi mpya iliyochanganywa kwa namba sahihi kabisa itaonekana tofauti ikipakwa kwenye mlango mmoja huku sehemu nyingine zote zikiwa zimepauka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari na fundi wake ni moja: inatafutwa rangi gani? Je, ni ile gari lilitoka nayo kiwandani, au ni ile iliyopo leo baada ya jua na mvua? Anayepaka gari zima atafute ya kiwandani. Anayepaka mlango mmoja atafute ya leo. Ugomvi mwingi kati ya mafundi na wateja hutokana na swali hili kutoulizwa kabla kopo halijafunguliwa.

Rangi ya kiwandani huwa imejificha kwenye gari lenyewe. Itafutwe chini ya viti, nyuma ya dashibodi, chini ya mipira ya milango, na mahali palipofunikwa na kibati au taa. Sehemu hizo hazikupigwa na jua. Ni muhimu zikaguliwe kabla ya msasa kuanza kufanya kazi, kwa sababu fundi akikwangua kila mahali kwa bidii, ushahidi wote huishia sakafuni.

Rangi ya leo nayo isisomwe juu ya vumbi jekundu la barabarani. Sehemu iliyo jirani na itakayopakwa ioshwe kwa sabuni, kisha isuguliwe kidogo kwa dawa ya kung'arishia hadi unga wa juu utoke. Mara nyingi hapo ndipo mwenye gari hugundua kwamba rangi yake haikuwa imeharibika kiasi alichodhani.

Katika kuchanganya, wafanyabiashara wa mazao wana la kuwafundisha mafundi. Hakuna mnunuzi makini wa maharage anayekubali gunia kwa kukadiria kwa macho. Huliweka kwenye mizani. Rangi nayo ipimwe kwa mizani ndogo au bomba la sindano, na kila tone liandikwe. Fundi aanze na rangi nyepesi na kuongeza iliyokolea kidogo kidogo, kwani kuifanya rangi ikolee ni rahisi, lakini kuirudisha nyuma kunaweza kumaliza galoni nzima ya nyeupe.

Vilevile, rangi mbichi isiaminiwe. Nyingi hubadilika zinapokauka. Ipulizwe kwenye kipande cha bati chenye praima ileile itakayotumika kwenye gari, iachwe ikauke, kisha kipande hicho kiwekwe karibu na mlango na kitazamwe juani, kivulini na chini ya taa. Zipo rangi mbili zinazofanana kabisa ndani ya banda na kutofautiana nje, kwa sababu zimetengenezwa kwa viungo tofauti. Kipande kimoja cha bati kinaokoa kazi ya siku tatu.

Aina ya rangi nayo ina umuhimu wake. Kitambaa kilicholowa thina kali kisuguliwe mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kubaki kwenye kitambaa, hiyo ni selulosi ya zamani. Ikikunjamana, ni rangi ya mafuta. Isipobadilika, yaelekea ni ya kisasa iliyochanganywa na hadina. Anayepuliza selulosi juu ya rangi ya mafuta bila kujua ataiona ikikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kwa bodi ya aluminiamu, praima ya kawaida ya chuma hubanduka. Inatakiwa ile maalumu inayong'ata aluminiamu.

Majira ya mwaka nayo yazingatiwe. Msimu wa mvua katika nyanda za juu za Kigoma hewa huwa na unyevu, na selulosi ikipulizwa wakati huo huweza kutoka na ukungu mweupe. Kiangazi nacho kina vumbi. Fundi mwangalifu humwaga maji sakafuni na kuzunguka banda kabla ya kuanza, na hufanya kazi asubuhi kabla ya upepo.

Lipo pia suala la afya, ambalo kwa wakulima lina uzito wa pekee. Rangi nyingi za zamani za njano, nyekundu na kijani zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Vumbi la rangi hiyo ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa katika ukuaji wa ubongo. Si ajabu kuona gari linapigwa msasa uani, pembeni ya turubai lililoanikwa maharage. Mazoea hayo yakome. Rangi ya zamani isuguliwe kwa msasa wa maji, mbali na nyumba, kisima na mazao, na matope yake yasiachwe yakauke na kupeperuka.

Hadina za rangi za kisasa nazo zina kemikali inayoweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Fundi anayemudu kununua kompresa anapaswa kuhesabu barakoa yenye kichujio maalumu cha kemikali hizo kuwa sehemu ya vifaa vyake.

Baadhi ya watu watasema kwamba haya yote ni anasa, na kwamba ni mambo ya matajiri wa Marekani wanaofufua magari ya miaka ya 1930, yale yanayoitwa hot rod, na kutumia miezi wakitafuta rangi moja. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Mwezi Oktoba 2024 mjini Arusha lilifanyika tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari hayo, mengi yakiwa ya umri mkubwa. Hiyo ni dalili kwamba gari kuukuu lililotunzwa lina wapenzi hapa hapa nchini, na wapenzi hao hutazama rangi kabla ya kufungua boneti.

Aidha, kadi ya usajili wa gari Tanzania ina sehemu inayotaja rangi. Mwenye gari anayeamua kubadili rangi kabisa, kutoka kijani kwenda bluu kwa mfano, anapaswa kutoa taarifa Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe. Gari lenye rangi tofauti na kadi yake huzua maswali ya polisi barabarani na wasiwasi wa mnunuzi kwamba huenda limeibwa. Kuitafuta rangi ya awali ni njia mojawapo ya kukwepa usumbufu huo.

Wanunuzi nao watumie elimu hiyo hiyo kujilinda. Anayenunua gari alitazame juani, akilinganisha mlango na ubavu na boneti. Kwa gari la bati, sumaku isiyoshika vizuri huonesha kwamba chini kuna puti nene. Kwa Land Rover sumaku haifai kwenye aluminiamu. Hapo agonge kwa kidole na kusikiliza mlio. Tofauti ya rangi haithibitishi ajali, lakini inampa mnunuzi haki ya kuuliza.

Kinachotakiwa si mtaji mkubwa. Wauza rangi wa Kasulu, Kibondo na Kigoma wawe na kadi za rangi zenye namba badala ya makopo yenye majina ya jumla. Vyuo vya VETA na ofisi za SIDO viendeshe mafunzo mafupi ya kulinganisha rangi kwa mafundi walio kazini, ambao wengi wao walijifunza kwa kutazama wenzao. Fundi naye awe na daftari: gari gani, namba gani, matone mangapi, pamoja na kipande cha bati kilichopakwa. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kompresa.

Kwa mwenye gari, wajibu ni mwepesi zaidi. Asilipe kazi ya rangi kabla ya kuoneshwa kipande cha majaribio kilichokauka, na makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la shule. Fundi hodari hataudhika kwa hilo, kwa kuwa karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Mkulima aliyelima misimu kadhaa hadi akapata gari hastahili kupoteza sehemu ya jasho lake kwa sababu ya kopo moja la rangi lililonunuliwa kwa kukisia. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na mlango wenye kijani cha kubahatisha ni ushahidi unaotembea barabarani kila siku ya soko.