Wazazi Wakiachana, Kadi ya Kliniki Ibaki Moja



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mahakama au la ofisi ya paroko, wala si la hospitali: malezi ya watoto ambao baba na mama yao wameachana. Sisi wauguzi tunaona kuwa ni jambo la afya kabisa. Kila kinachodondoka kati ya nyumba mbili, iwe ni chanjo iliyosahauliwa, dawa iliyokatizwa au mtoto aliyeacha kula, mwisho wake huletwa kwetu.

Hapa Unguja familia hutengana kwa njia nyingi. Baba hupata kazi katika hoteli ya Nungwi au Kiwengwa, akakaa huko miezi, na mwishowe akaanza maisha mengine. Mama hurudi kwao Paje au Jambiani kulima mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989 na kuwapa wanawake wengi fedha yao wenyewe. Wengine walihamia hapa kutoka Bara, na wakiachana mmoja hupanda boti kurudi kwao. Wapo waliofunga ndoa kwa kadhi, wapo waliofunga kanisani, na wapo ambao hawakufunga popote. Lakini mtoto anapolazwa na homa, homa haiulizi cheti cha ndoa.

Wako Wakristo watakaotuuliza: je, kufundisha namna ya kulea baada ya kuachana si kuwafungulia watu mlango wa kuachana? Tunajibu kwamba sivyo. Mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa yako wazi, nasi hatuyapunguzi. Ila Kanisa lenyewe halikuwasahau watoto wa nyumba zilizovunjika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1154, inaagiza kwamba wanandoa wakishatengana, matunzo na elimu ya watoto yapangwe ipasavyo daima. Naye Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaonya wazazi waliotengana wasimfanye mtoto mateka. Basi anayemsaidia mama aliyeachwa kulea vizuri halei talaka. Anamlea mtoto.

Sasa tuje kwenye afya yenyewe. Kuna neno moja ambalo tungeomba familia zilitumie kwa uangalifu mkubwa: neno “amezoea”. Mtoto wa miaka miwili au mitatu huchukuliwa kwa mama yake akapelekwa kwa bibi mzaa baba, au kinyume chake. Siku za kwanza hulia sana, hukataa chakula, husimama mlangoni. Baada ya wiki moja au mbili hunyamaza. Watu wa nyumbani hufurahi wakisema, “Alhamdulillahi, amezoea.”

Hospitali za watoto ziliwahi kuamini hivyo hivyo. Zamani huko Uingereza wazazi walizuiwa kuwaona watoto wao waliolazwa, kwa kuwa mtoto alilia kila mama alipoondoka, na wauguzi waliona heri asije kabisa. Mwaka 1952 James Robertson alitengeneza filamu inayomwonyesha msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Yeye pamoja na daktari John Bowlby walieleza hatua tatu anazopitia mtoto mdogo aliyetenganishwa na mama: kwanza hulia na kupinga, kisha hukata tamaa na kunyong’onyea, mwisho hujitenga moyoni kana kwamba hamhitaji tena mtu yeyote. Hatua ya pili na ya tatu ndizo watu walizokuwa wakiziita kuzoea. Kazi yao ilisaidia kubadili taratibu, na leo hakuna muuguzi mwenye akili atakayemfukuza mama kitandani kwa mtoto wake. Funzo hilo ambalo wodi zililipata kwa shida, tunaomba liingie majumbani: mtoto aliyenyamaza si lazima awe mtoto aliyepona.

Dalili hutofautiana kwa umri. Mtoto mchanga hulala vibaya na uzito hausogei. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita huanza tena kukojoa kitandani hali alikwisha kuacha, au hung’ang’ania nguo ya mama hata chooni. Mtoto wa skuli huumwa tumbo au kichwa kila asubuhi, na darasani hushuka. Kijana hukaa nje hadi usiku na kuwajibu wakubwa kwa ukali. Tafadhali wasichapwe kwa mambo haya. Aletwe kwanza apimwe mkojo, choo na damu, kwani huenda ni maradhi ya mwili. Vipimo vikiwa safi, basi wakubwa wajiulize wenyewe nini kimebadilika nyumbani.

Hatari ya pili ni chakula. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, na aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afike miaka miwili au zaidi. Ugomvi wa wazazi ukimkatisha ziwa ghafla, akaachwa kwenye uji mweupe usio na kitu, hatari ya utapiamlo huwa karibu. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana, aliupa ugonjwa wa kuvimba miguu na kubabuka ngozi jina la kwashiorkor, ambalo wenyeji wa kabila la Waga walikuwa wakilitumia kwa maradhi ya mtoto aliyepishwa ziwani na mdogo wake. Mtoto anaweza kupishwa ziwani na mdogo wake, na anaweza kupishwa na ugomvi. Mwili wake hauoni tofauti.

Hatari ya tatu ni dawa. Mtoto mwenye kifafa akienda kwa baba mwisho wa wiki bila vidonge vyake, anaweza kurudishwa katika degedege lisilokatika. Mwenye pumu husahauliwa dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu hukosa vidonge vya foliki na maji ya kutosha. Mwenye kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hukosa dozi kwa sababu mzazi mmoja hajaelezwa, au ameelezwa akakataa kuamini. Kinyume chake pia hutokea: mama ampe parasetamoli saa sita, na baba ampe tena saa saba kwa kuwa hakuambiwa. Dawa hiyo hupewa baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku nzima, na ikizidishwa huharibu ini.

Wasomaji watauliza: dawa ya haya yote ni nini? Maoni yetu ni kwamba tatizo kubwa si kuishi katika nyumba mbili. Watoto wengi wa pwani wamekulia kati ya nyumba ya mama, ya bibi na ya shangazi, wakatoka watu wazima wenye heshima. Tatizo ni nyumba mbili zisizosemezana, na hasa biashara inayofanyika baina yao. Baba husema, “Simpi matumizi mpaka nimwone mtoto.” Mama husema, “Humwoni mtoto mpaka ulete matumizi.” Kila mmoja hujiona ana haki. Lakini tukitazama vizuri, vyote viwili si mali yao. Chakula ni haki ya mtoto, na kumwona baba yake ni haki ya mtoto. Baba anayezuia fedha hamkomoi mama, anapunguza maziwa kikombeni mwa mwanawe. Mama anayemficha mtoto hamkomoi baba, anamnyima mwanawe nusu ya ukoo wake. Tukumbuke hukumu ya Mfalme Suleimani: mama wa kweli alijulikana pale alipokubali kupoteza kesi ili mtoto asikatwe vipande viwili.

Hatusemi haya kwa hisia tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki ya mtoto aliyetenganishwa na mzazi kuendelea kuonana naye, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kunamdhuru. Hapa Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, inayotanguliza maslahi ya mtoto. Sheria hiyo ilipewa tuzo ya dhahabu ya kimataifa ya Baraza la Dunia la Mustakabali mwaka 2015. Ni sifa kwetu, ila sifa ya karatasi haimshibishi mtoto wa Kwamtipura kama wazazi hawataki kuifuata.

Kuna pia suala la miaka saba. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, mtoto mdogo hukaa kwa mama hadi umri wa kupambanua mambo, takriban miaka saba, kisha huweza kuchagua. Tanzania Bara nayo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa ni heri mtoto aliye chini ya miaka saba awe na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tunaheshimu taratibu hizi, na hatuna elimu ya kuzihukumu. Tunachokipinga ni ile desturi ya watu ya kuhesabu siku ya kuzaliwa na kwenda kumbeba mtoto kama mzigo uliokaa bandarini, bila kumwandaa na bila kumuuliza. Mtoto wa miaka saba anahamishwa kidogo kidogo: mwisho wa wiki kwanza, kisha likizo, tena akiwa na mto wake na daftari lake.

Hata hivyo, tusieleweke vibaya. Pale ambapo kuna kipigo, ulevi wa kutisha au kuchezewa mtoto mwilini, hatusemi wazazi wapatane kwa ajili ya watoto. Hapo usalama hutangulia. Mtoto apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na ipigwe simu ya msaada kwa watoto namba 116. Kuficha jambo kama hilo kwa kuogopa aibu ya ukoo ni dhambi dhidi ya mtoto.

Kwa wazazi wengine wote, twapendekeza haya:

1. Kadi ya kliniki iwe moja, nayo isafiri na mtoto. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na za miezi 9 na 18, hazingoji wazazi wapatane.

2. Dawa zikae katika mfuko mmoja pamoja na karatasi inayoandikwa saa aliyopewa na nani amempa. Mzazi apokeaye aisome kabla ya kumpa kitu.

3. Nyumba zote mbili ziwe na chandarua. Malaria imepungua sana Unguja, na haitaendelea kupungua kwa watu kuipuuza.

4. Mtoto asitumwe salamu za ugomvi. Mkishindwa kusemezana, tumieni ujumbe wa simu, au mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili.

5. Mzazi asimtukane mwenzake mbele ya mtoto. Mtoto anajua kwamba ametoka kwa wote wawili, na tusi lile hulivaa yeye.

6. Siku ya kuonana ikiahidiwa itimizwe. Mtoto aliyevaa nguo nzuri akakaa barazani hadi magharibi bila baba kutokea, huumia kuliko yule ambaye hakuahidiwa kitu.

Mkikwama, nendeni kwa sheha au ofisi ya Ustawi wa Jamii. Waislamu wanazo Mahakama za Kadhi, kama ile ya Mkokotoni kwa watu wa kaskazini. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Mwisho tunasema na Jumuiya Ndogo Ndogo zetu. Mama aliyetengana na mumewe na anayeishi peke yake hakutengwa na Kanisa, wala hazuiwi Komunyo kwa sababu tu ya kutengana. Watoto wake wana haki ya ubatizo na mafundisho kama wengine. Msimnong’one kwenye sala za jumuiya; mwulizeni kama mtoto amemaliza dozi. Wasimamizi wa ubatizo, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Mpelekeni mtoto kliniki siku ambayo mama yuko kazini, na mkumbusheni baba ada ya daladala za skuli bila kumkaripia.

Ndoa inaweza kushindikana kwa udhaifu wa watu wazima wawili. Ubaba na umama haviishi. Tukilishika hilo, wodi zetu zitapungua watoto ambao ugonjwa wao hauonekani katika kipimo chochote.

Mungu awabariki wazazi wote, walio pamoja na walio mbalimbali, pamoja na watoto wao.