Penalti ya Twickenham

Jumapili ya tarehe 18 Oktoba 2015, katika uwanja wa Twickenham jijini London, timu ya taifa ya Uskoti ilikuwa mbele kwa pointi 34 dhidi ya 32 za Australia. Mvua ilikuwa imekwisha kulowesha majani na mipira ilikuwa ikiteleza mikononi kama sabuni. Zilikuwa zimesalia takriban dakika mbili. Pambano lenyewe lilikuwa la robo fainali ya Kombe la Dunia la raga, na Waskoti waliokuwa wamejaa uwanjani, pamoja na wenzao waliokuwa majumbani na vilabuni kutoka Edinburgh hadi visiwa vya kaskazini, walikuwa wamesimama wima wakihesabu sekunde. Kisha filimbi ikalia. Hadi leo kuna watu katika nchi ile ambao ukiwatajia filimbi hiyo wataacha kikombe cha chai kipoe.

Msomaji asiyeujua mchezo wa raga hana budi aelezwe kwanza jambo lililotokea, maana ubishi wote umesimama juu ya sekunde mbili au tatu hivi. Mpira ukitoka nje ya mstari wa pembeni, wachezaji wa pande zote mbili hujipanga safu mbili zinazotazamana, na mmoja huurusha katikati yao. Kurusha kulikuwa kwa Uskoti, tena katika eneo lake yenyewe la uwanja. Badala ya kurusha karibu, mahali ambapo mpira ungekamatwa kwa usalama, waliamua kurusha mbali, nyuma ya safu. Mpira ukapita vichwa vyao. John Hardie wa Uskoti akaugombea, ukamponyoka kwa mbele. Nick Phipps wa Australia akaunyoshea mkono, akaugusa. Hapo ndipo Jon Welsh wa Uskoti, aliyekuwa mbele ya mwenzake, alipoudaka.

Refa Craig Joubert wa Afrika Kusini alihukumu kwamba Welsh alikuwa ameotea, akatoa penalti. Bernard Foley akaupiga mpira kati ya nguzo. Australia 35, Uskoti 34. Muda mfupi baadaye mchezo ukaisha.

Ubishi ulianza kabla ya watu kutoka uwanjani. Upande mmoja walisema, na wanasema hata sasa, kwamba Uskoti iliporwa. Hoja yao si ya hasira tupu, kwani wanayo sheria mkononi. Kwa kanuni za wakati ule, kifungu cha 11.3(c), mchezaji aliyeotea huhesabiwa kuwa hakuotea tena ikiwa mpinzani ameugusa mpira kwa makusudi. Phipps aliugusa kwa kutaka mwenyewe. Hivyo Welsh alikuwa huru kuudaka, na kosa pekee lililobaki lilikuwa lile la Hardie la kuangusha mpira mbele, ambalo adhabu yake ni skramu. Upande wa pili nao walikuwa na kifungu chao, 11.7, kinachomhusu yule aliyeotea baada ya mwenzake kuangusha mpira akamnyima mpinzani nafasi. Kwa siku kadhaa watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha sheria maishani mwao walikuwa wakitajiana nambari za vifungu kama mawakili mbele ya hakimu.

Kuna jambo ambalo katika hasira ile lilisahauliwa na wengi. Skramu hiyo isingekuwa ya Uskoti. Ingekuwa ya Australia, na mpira ungekuwa wao, ndani ya nusu ya Uskoti, na muda wa kutosha kujaribu. Wangeweza kupiga mpira wa kudundisha kati ya nguzo, ambao ni pointi tatu, au kusukuma hadi wapate penalti isiyo na ubishi. Kwa hiyo asemaye kwamba refa aliinyima Uskoti ushindi anasema zaidi ya anachokijua. Alichowanyima ni nafasi ya kuulinda ushindi wao katika skramu moja ya mwisho, kifua kwa kifua. Nafasi hiyo si kitu kidogo. Mwanamume yeyote aliyewahi kushika zamu ya mwisho ya usiku anajua tofauti ya kushindwa ukiwa umesimama mlangoni na kuambiwa kwamba mlango umekwisha kufunguliwa na mtu mwingine.

Wengine walirudi kwenye hesabu. Australia ilipata trai tano: mbili za Drew Mitchell, na moja moja za Adam Ashley-Cooper, Michael Hooper na Tevita Kuridrani. Uskoti ilipata tatu tu. Trai zote tatu za Australia za kipindi cha kwanza hazikuongezewa pointi kwa teke lifuatalo, ndiyo maana Uskoti ilikwenda mapumzikoni ikiongoza kwa 16 kwa 15. Laiti Foley angelenga vema mapema, wanasema mashabiki wa Australia, pasingekuwa na penalti ya kubishaniwa wala refa wa kulaaniwa. Nao Waskoti hujibu kwa jina la Sean Maitland, aliyetolewa nje kwa dakika kumi mwanzoni mwa kipindi cha pili kwa kuudonoa mpira makusudi, na ambaye kabla hajarudi Mitchell alikuwa amekwisha funga. Je, alidonoa au alijaribu kudaka? Hilo nalo lina kikao chake.

Hesabu hizo zote ni za kweli, lakini hazigusi kiini cha uchungu. Mapema mwaka huohuo Uskoti ilikuwa imeshindwa michezo yake yote mitano katika Mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya. Hakuna aliyeitarajia kitu. Na tazama jinsi ilivyocheza: Peter Horne aliokota mpira na kupenya peke yake mahali ambapo hapakuwa na mlinzi, Finn Russell alizuia teke kwa mwili na Tommy Seymour akamalizia, nahodha Greig Laidlaw alifunga penalti tano, na zikiwa zimebaki kama dakika sita, Mark Bennett akaiona pasi ya James Slipper ikija, akaikatiza njiani na kukimbia nayo peke yake hadi chini ya nguzo. Timu dhaifu ikisimama hivyo mbele ya jabari, kuiondoa kwa kosa la mwamuzi kunauma kuliko kuiondoa kwa pointi thelathini.

Swali ambalo wengi wa kawaida waliuliza, wake kwa waume, lilikuwa jepesi: kwa nini hakutazama picha? Uwanjani palikuwa na mwamuzi wa nne akiwa na runinga mbele yake, na siku zote za mashindano hayo michezo ilikuwa ikisimamishwa kila mara mpaka watu wakachoka. Jibu ni kwamba utaratibu wa wakati ule ulimruhusu refa kuuliza kuhusu trai na mambo yanayotangulia trai, au kuhusu mchezo wa hatari. Kuotea katikati ya uwanja hakukuwamo. Joubert aliamua kwa macho yake mawili, katika mvua, kwa pembe aliyokuwa amesimama, huku watu wakiyarudia yaleyale kwa picha ya taratibu mara ishirini katika sebule zao. Mlinzi wa lango naye huamua hivyo, na kesho yake huulizwa na watu waliolala vema.

Lakini kuna jambo ambalo hata watetezi wake hawakulitetea sana. Filimbi ya mwisho ilipolia, Joubert hakungoja kupeana mikono na wachezaji kama ilivyo desturi ya mchezo huo. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye njia ya kuingia ndani. Raga ni mchezo ambao nahodha peke yake ndiye azungumzaye na refa, naye husema kwa adabu, kama askari mbele ya afisa wake. Heshima hiyo ina bei yake kwa pande zote mbili: anayetii hukumu bila kunung'unika hutarajia kwamba aliyeihukumu atabaki mahali pake ili atazamwe usoni. Gavin Hastings, nahodha wa zamani wa Uskoti, alimshutumu hadharani kwa maneno makali kwa kukimbia kule. Walio wazee kidogo walitabasamu kwa huzuni waliposikia jina hilo. Mwaka 1991, katika nusu fainali dhidi ya Uingereza kule Murrayfield, matokeo yakiwa 6 kwa 6, Hastings huyohuyo alikosa penalti iliyokuwa mbele kabisa ya nguzo, na Uingereza ikashinda 9 kwa 6. Hakuwapo refa wa kulaumiwa siku ile. Hastings alibaki, akatazamwa, na watu wake hawajaacha kumpenda. Pengine ndiyo maana kukimbia kwa mwenzake kulimchoma kiasi kile.

Siku iliyofuata, Jumatatu, likatokea jambo lililozidi mchezo wenyewe kwa uzito. Chama cha dunia cha raga, World Rugby, kilitoa tamko la hadhara kwamba uamuzi ulikuwa na makosa: Phipps aliugusa mpira kwa makusudi, Welsh hakuwa ameotea, na ilipasa kutolewa skramu kwa Australia. Tamko hilohilo lilikubali kwamba utaratibu haukumruhusu refa kutumia picha, na likasema kwamba Joubert ni mwamuzi wa kiwango cha juu duniani. Kwa Waskoti lilikuwa kama kupewa risiti ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Matokeo hayakubadilika, wala kanuni hazikuruhusu yabadilike.

Hapo mashabiki waligawanyika upya, tena si kwa mataifa. Wapo waliosema kwamba chama kilitenda haki, kwa kuwa mamlaka inayoficha kosa lililoonwa na dunia nzima hujidhalilisha yenyewe, na uongo wake huwalemea hata waamuzi wasiokosa. Wapo waliosema, na miongoni mwao walikuwamo wanaomtuhumu Joubert kwa kukimbia, kwamba si uungwana mkubwa kumtoa mtumishi wake mbele ya umati ukiwa bado una mawe mkononi. Maamuzi mengine mengi ya mashindano yaleyale yalikuwa na mashaka, wala hayakutolewa tamko la namna ile. Kwa nini hili moja? Je, ni kwa sababu lilikuwa kosa kubwa, au kwa sababu lilikuwa na kelele kubwa? Ukweli ni kwamba kosa lilihitaji kukiriwa, kwani bila hivyo Waskoti wangedanganywa mara ya pili. Lakini kukiri kwa saa ishirini na nne, kwa jina la mtu mmoja, bila neno la majuto kuhusu utaratibu uliomnyima msaada wa picha, kuliacha mzigo wote juu ya mabega ya yule aliyeshika filimbi. Mkuu anayetangaza kosa la mtu wake, huku amri iliyomfunga mtu huyo macho ikiwa imetoka ofisini kwake, angalau angesimama karibu naye anapolitangaza.

Joubert hakuwa mgeni wa lawama. Yeye ndiye aliyechezesha fainali ya 2011, New Zealand ilipoishinda Ufaransa kwa 8 kwa 7, na Wafaransa hadi leo wanasema aliifumbia macho New Zealand katika dakika za mwisho. Katika nusu fainali za 2015 hakupangiwa kuchezesha. Baadaye alihamia raga ya wachezaji saba, kisha akaacha filimbi na kuingia kazi ya kuwalea waamuzi wengine.

Mashabiki wenye kumbukumbu ndefu hutaja hapo jina la Wayne Barnes. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 28, alichezesha robo fainali kule Cardiff ambako Ufaransa iliitoa New Zealand kwa 20 kwa 18, na trai ya mwisho ya Wafaransa ilitokana na pasi iliyokwenda mbele ambayo yeye hakuiona. Alitishiwa kuuawa. Hakuacha kazi. Miaka 16 baadaye, tarehe 28 Oktoba 2023, ndiye aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia mjini Paris, na siku chache baadaye akastaafu. Na ajabu ya mambo, siku hiyo New Zealand ilishindwa na Afrika Kusini kwa pointi moja, 12 kwa 11, na safari hii malalamiko yakawa kinyume: trai ya Aaron Smith ilikataliwa kwa sababu ya picha, nao wakadai kwamba mwenye runinga alirudi nyuma kupita alivyoruhusiwa. Mwaka 2015 watu walilia kwa kuwa picha haikutazamwa; mwaka 2023 wakalia kwa kuwa ilitazamwa mno.

Australia, baada ya kuponea Twickenham, iliishinda Argentina 29 kwa 15, kisha ikalala mbele ya New Zealand katika fainali kwa 34 kwa 17. Uskoti haikuvuka hatua ya makundi mwaka 2019 kule Japani, wala mwaka 2023 kule Ufaransa. Laidlaw aliiaga timu ya taifa mwaka 2019. Kombe la mwaka 2027 limepangwa kuchezwa Australia.